Debe la Thelathini na Moja

Itigi, Jumatatu 4 Julai 1994

Daftari hili lilikuwa la mapokezi ya alizeti pale ushirika. Mwaka juzi tulipopunguzwa kazi kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba, mimi nikaondoka na madaftari matatu na kiti kibovu. Kiti kilishakufa. Madaftari yalikuwa yananisubiri nipate kazi tena, na leo nimepata.

Kazi yenyewe ni mtunza uwanja wa ndege. Nilipomwambia mume wangu Clement alidhani namtania. Uwanja wetu ni kipande kirefu cha udongo mwekundu. Mwisho mmoja una soksi ya upepo iliyotoboka, mwisho wa pili una mbuzi wa Mzee Damiani. Mwajiri wangu ni Bwana Fabiano, aliyekuwa akiuza vipuri vya lori Manyoni mpaka biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, naye akafungua kampuni ya kununua asali na nta za msitu wetu na kuzipeleka nje. Mwaka jana moto wa Septemba uliteketeza mizinga zaidi ya mia nne, ishirini na mitatu ikiwa ya Clement. Nililia siku ile kama nimefiwa. Sasa Bwana Fabiano amekodi ndege ya kuzima moto. Msimu ukienda vizuri itakuwa inakuja kila mwaka. Ukienda vibaya, tunarudi kupiga moto kwa matawi.

Alhamisi 7 Julai

Ndege imefika. Ndogo, ya njano, kiti kimoja tu. Zamani ilikuwa ikinyunyizia dawa kwelea kwelea kwenye mashamba ya mtama. Mji mzima ulitoka kuipokea, hata treni ya mizigo ilipita bila mtu kuitazama. Bibi Anastazia, mkubwa wa wanawake wa kitongoji cha kusini, aliizunguka mara mbili akauliza mwenzake yuko wapi, maana kitu kizuri hivi hakiwezi kuwa peke yake.

Rubani anaitwa Chrispin. Mwembamba, shati limepigwa pasi, mfukoni ana kipimajoto na mkononi futi ya kamba. Badala ya kusalimia watu alikwenda kwanza kupima urefu wa uwanja, sisi tumesimama na maua yetu. Nimeshampa jina: Bwana Kipimo.

Ijumaa 8 Julai

Ameupima uwanja mara ya pili. Haujaongezeka.

Jumatano 13 Julai

Pampu ya kujazia tangi imeungua siku ya kwanza ya kujaribiwa. Bwana Fabiano aliinunua kwa rafiki yake, na hapo sisemi zaidi. Kwa hiyo maji yatajazwa kwa debe. Wanawake watapanga mstari kutoka kisimani, mimi nitahesabu.

Bwana Kipimo ametundika ubao mlangoni pa banda langu la uwanjani. Asubuhi kukiwa na baridi, debe arobaini. Jua likipanda, debe thelathini. Nikamuuliza kama maji ya mchana ni mazito kuliko ya asubuhi. Hakucheka. Alinieleza kuwa sisi huku tuko juu, hewa ya huku ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi, kwa hiyo mbawa hazina cha kushika. Nikaitikia kwa heshima, lakini moyoni nikasema mtu huyu alinyimwa utoto.

Halafu akapaka chokaa jiwe moja pembeni ya uwanja, mbali kidogo kupita katikati. Akasema akifika pale magurudumu hayajaachana na ardhi, atayamwaga maji yote hapo hapo bila kujiuliza. Kuna mkono mmoja wa chuma anauvuta, na tangi zima linafunguka chini. Kila asubuhi anaujaribu. Kila asubuhi, hata Jumapili kabla ya misa.

Ijumaa 29 Julai

Upepo. Hakuna moto. Mbuzi wametafuna kamba ya soksi.

Jumanne 9 Agosti

Moto wa kwanza. Mtu alikuwa anarina asali akaacha mwenge wake chini. Ndege iliondoka na debe arobaini saa mbili asubuhi, ikarudi, ikajazwa, ikaondoka tena. Mara nne. Clement alikuwa kule na wenzake. Anasema ndege haizimi moto peke yake, inaukata miguu, kisha wao wanaumaliza kwa matawi. Hakuna mzinga ulioungua hata mmoja. Amerudi mweusi kwa masizi, meno meupe, akanikumbatia mbele ya mama yake. Mama mkwe aligeukia ukutani.

Wanawake wameimba njia nzima kurudi makwao. Nimefurahi mpaka nimempelekea Bwana Kipimo ugali wa mtama na mlenda. Alikula wote. Hakuupima.

Jumanne 23 Agosti

Bibi Anastazia ananisumbua. Kila nikisema basi, yeye anataka kuongeza. Anasema tangu azaliwe hajapima kitu cha kumpa mtu bila kuweka kilemba, kile kirundo cha nyongeza juu. "Hata gunia la alizeti pale ushirika ulikuwa unalipokea limejaa lumbesa, Asnath, na ulikuwa unatabasamu," akaniambia. Ni kweli, nilikuwa natabasamu.

Jumatano 14 Septemba

Nitaandika leo leo.

Saa sita mchana moshi ulionekana kusini, upande ule ule wa mizinga ya Clement. Jua lilikuwa kali, kuku wamelala chini ya gari. Kapteni Chrispin akaandika ubaoni thelathini, akapanda kukagua mambo yake. Tukajaza. Nilihesabu kwa punje za mahindi kama siku zote, punje moja kila debe moja. Punje ya thelathini ikaingia mfukoni, nikainua mkono, tumemaliza.

Ndipo wakatokea. Bibi Anastazia na wenzake watano, wametembea nusu saa kutoka kitongojini kwao na madebe kichwani, maji ya kisima chao wenyewe, majani yameelea juu ili maji yasimwagike. Walipouona moshi hawakungoja kuitwa. Bibi akashusha debe lake mbele yangu, jasho linamtiririka, akasema, "Mjukuu wangu, na sisi tumeleta."

Ningemwambiaje arudi nalo? Kwetu mtu aliyekuja na chombo kimejaa harudishwi nacho kimejaa. Hata jirani uliyegombana naye akikuletea maziwa unayapokea, ugomvi utaendelea kesho. Nikapokea. Debe la thelathini na moja likaingia, na la thelathini na mbili, mpaka la thelathini na sita. Sikutia mfukoni punje hata moja, maana ile ilikuwa nyongeza, na nyongeza haihesabiwi.

Kapteni akatoa kichwa dirishani. "Mama Leah, thelathini?" akaniuliza.

Nikasema, "Thelathini kamili, Kapteni."

Mungu ni shahidi yangu, sikuona kama nimesema uongo.

Ndege ikakimbia. Siku zote inapofika usawa wa banda langu mkia unainuka. Leo ilipita banda na mkia bado uko chini. Ikafika kwenye jiwe la chokaa, magurudumu yanarukaruka tu, hayataki kuiacha ardhi. Pale pale maji yakatoka yote kwa mara moja, ukuta mweupe, na ndege ikachomoka juu. Iliwavuka mbuzi, lakini gurudumu la kushoto likagonga kichuguu na kubaki linaning'inia. Watu wakapiga kelele. Alizunguka mara moja juu ya mji, taratibu, akarudi akatua kwa gurudumu moja, akaishikilia hivyo hivyo mpaka mwendo ulipopungua, kisha bawa likalala chini na ndege ikajizungusha kwenye vumbi lake.

Tulikimbia wote. Nilimkuta amekaa, damu kwenye nyusi, anazima vitu kimoja kimoja kwa utaratibu wake. Aliponiona aliuliza kama mbuzi wako salama.

Wako salama. Waliloa tu, wao na Mzee Damiani na redio yake. Mzee alikuja amelowa mpaka kofia, akamwambia kila mtu kwamba katika mkoa mzima wa Singida ni yeye peke yake aliyenyeshewa mwezi wa Septemba.

Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya banda nikazihesabu punje za mfukoni: thelathini. Moto ulizimwa kwa matawi kufikia jioni. Mizinga sita imekwenda, miwili yetu.

Alhamisi 15 Septemba

Bwana Fabiano amekuja na hasira zake. Anasema rubani mzembe, ndege takataka. Kuna mtu anamuuzia ndege kubwa yenye injini mbili, inabeba maji mara nne ya hii. Mkaguzi wa usalama wa ndege anakuja Jumanne kutoka Dar es Salaam. Akiandika kwamba rubani alikosea, leseni ya Chrispin imekwenda, na ndege ya njano imekwenda naye.

Jumamosi 17 Septemba

Kapteni ameshonwa nyuzi tatu hospitali ya misheni. Leo ameshinda mezani kwangu anarudia hesabu zake. Amekipima kipimajoto chake kwa kipimajoto cha hospitali. Amepima madebe yote ishirini na mawili tunayotumia, moja moja, akitafuta ambalo ni kubwa kuliko mengine. Jioni aliweka kalamu chini, akasema, "Sijui nimekosea wapi, Mama Leah. Labda nimeanza kuzeeka."

Nilikuwa naosha vikombe. Niliendelea kuosha vikombe visafi.

Jumatatu 19 Septemba

Nimemwambia Clement. Alikuwa anachonga mzinga, akasimamisha tezo hewani. Aliuliza kama kuna mwingine anayejua. Nikasema Bibi na wenzake wanajua waliyamimina maji, lakini hawajui kuwa ndiyo yaliyoiangusha ndege. Nikasema pia kazi hii nimeitafuta miaka miwili, na ada ya shule ya binti yetu Leah inaitegemea. Akachonga kidogo, kisha akasema, "Yule mtu aliniokolea mizinga, na wewe unamwacha anapima madebe." Nimekasirika naye kwa sababu ni kweli.

Jumanne 20 Septemba

Mkaguzi ni mwanamke. Bi Agnes, mfupi, viatu vya kutembelea, begi la turubai. Bwana Fabiano alikuwa ameandaa kiti cha mkaguzi mwanamume, sijui nieleze vipi, lakini ilionekana usoni kwake. Bi Agnes aliuzunguka uwanja wote kwa miguu, akasimama kwenye jiwe la chokaa muda mrefu. Akauliza nani aliliweka na kwa nini, akaandika mistari mingi.

Kisha tukakaa bandani. Chrispin akasema uzito wa ndege ni jukumu la rubani na yeye hana wa kumlaumu. Nikasimama. Nikasema, "Nisameheni. Hazikuwa thelathini. Zilikuwa thelathini na sita."

Nikawaeleza yote, majani juu ya maji, jasho la Bibi, punje ambazo sikuzitia mfukoni. Bwana Fabiano akaanza kusimama. Bi Agnes akamwonyesha kiti. Akaniuliza walikuwa wanawake wangapi, nikasema sita, akapiga hesabu pembeni ya karatasi. Kilo mia na ishirini. Akasema ni kama Kapteni aliruka na watu wazima wawili wamejificha ndani ya tangi.

Nikamtazama Chrispin, nikisubiri matusi niliyostahili. Alikuwa anacheka. Kwanza polepole, kisha mpaka akashika nyusi yake yenye nyuzi. "Basi hesabu yangu ilikuwa sawa," akasema. "Mama Leah, siku sita sijalala. Hesabu ilikuwa sawa." Sijawahi kumwona mtu anayefurahi hivyo kwa kuambiwa alidanganywa. Nikacheka na mimi huku nalia.

Bwana Fabiano akataka niondoke leo hii. Bi Agnes akamjibu bila kuinua macho kwamba kazi ni yake na kampuni ni yake, ila mwingine atakayemweka pale naye atapokea nyongeza, na huyu hatarudia. Akasema kilichomwokoa rubani ni jiwe, na mkono uliojaribiwa kila asubuhi, na tangi linalofunguka lote kwa mara moja. Kabla ya kumpeleka mtu yeyote juu kwa ndege nyingine, anataka aione hiyo ndege kubwa hapa hapa, kwenye uwanja huu, mchana.

Bado nina kazi, mpaka kesho angalau.

Jumatano 28 Septemba

Ndege kubwa imekuja. Nzuri, lazima niseme, na sauti yake ilitikisa mabati. Ilitua ikatumia uwanja wote, ikatumia na kipande cha Mzee Damiani, pua ikasimama katikati ya mbuzi. Mzee alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshika mwavuli.

Bi Agnes alimuuliza rubani wa ndege hiyo swali moja: injini moja ikizimika mchana wa Oktoba, na maji yamejaa, juu ya uwanja huu, nini kinatokea? Yule rubani, kijana muungwana kutoka Arusha, akautazama uwanja, akatazama makaratasi yake, akasema kwamba ndege itashuka tu. Kisha wakajaribu kumwaga maji hapo hapo chini. Mlango wa tangi ulifunguka nusu ukakwama, maji yakatoka kama mtu anayemimina chai ya watoto. Bwana Fabiano aliutazama mlango ule kwa muda mrefu. Alikuwa na uso wa siku ile ya pampu.

Jioni alikuja bandani peke yake, akakaa kwenye kreti ya soda. Akasema, "Nilidhani kubwa ndiyo bora." Nikampa chai. Nilikuwa namwona mtu wa majivuno tu, lakini leo niliona mtu aliyeogopa msitu kuungua kama tulivyoogopa sisi, ila yeye akiogopa ananunua vitu. Amesema ya njano itengenezwe.

Alhamisi 6 Oktoba

Fundi wa Dodoma amekuja na treni akiwa na gurudumu mapajani kama mtoto mchanga. Amefungua injini nzima, ameifunga, Kapteni amemsimamia muda wote. Ndani ya tangi wamechora mstari mwekundu wa mchana na mweusi wa asubuhi. Siku hizi natazama mstari, kisha nahesabu punje, kisha natazama mstari tena. Clement ananiita Mama Kipimo.

Lakini mstari haujui kumpokea Bibi Anastazia. Hilo nimelifikiria siku tatu. Leo nimeomba kwa Bwana Fabiano mapipa mawili matupu, nimeyasugua kwa mchanga, nimeyaweka kivulini karibu na pale ndege inapojazwa. Kapteni aliuliza ya nini. Nikamwambia ataona.

Jumanne 18 Oktoba

Siku kubwa. Moto ulianza kabla ya saa tano na upepo ulikuwa nyuma yake. Ulikuwa mkubwa kuliko wa mwaka jana, nasema bila kuongeza chumvi. Mizinga yote ya kusini ilikuwa mbele yake, na Clement na wenzake walikuwa kati ya mizinga na moto.

Debe thelathini, mstari mwekundu, Kapteni akauliza, nikajibu, na safari hii jibu lilikuwa na uzito wake. Mkia ukainuka mbele ya banda. Magurudumu yakaiacha ardhi mbali kabisa na jiwe. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Bibi Anastazia na wenzake wakafika na madebe yao, kumi na wanne leo. Nikamsalimu shikamoo, nikapokea debe lake kwa mikono miwili. "La kwako ni la thelathini na moja, Bibi," nikamwambia. "Na la thelathini na moja lina mahali pake." Nikalimimina pipani. Akachungulia, akaona kuwa maji yake yatakwenda na safari ya pili ya ndege, akaguna kwa kuridhika, akawageukia wenzake akawaambia kwa Kigogo wasiniangalie, waende wakachote.

Ndege iliporudi mapipa yote mawili yalikuwa yamejaa. Hatukungoja foleni ya kisimani. Tulichota pipani, tukajaza mpaka mstari, na wakati ndege iko juu wao wakayajaza tena kwa kilemba. Alikwenda mara tisa. Kapteni anasema hata akiwa na pampu nzima hakuwahi kujaziwa haraka hivyo. Saa kumi upepo ukageuka, moto ukakosa pa kwenda, na wanaume wakatoka msituni mmoja mmoja. Nilihesabu vichwa kama punje mpaka nikamwona wa kwangu. Hakuna mzinga ulioungua. Hakuna.

Mzee Damiani alilalamika kwamba leo hakunyeshewa.

Alhamisi 24 Novemba

Mvua. Ya kwanza, nzito, saa nane mchana. Tulisimama nje wote tukiloa kwa makusudi, na Mzee Damiani akatufundisha namna ya kusimama, kwa kuwa ana uzoefu.

Jumamosi 3 Desemba

Kapteni ameondoka leo. Bwana Fabiano ameshatia saini ya mwaka kesho, ndege ile ile, rubani yule yule, na mtunza uwanja yule yule.

Asubuhi wanawake walileta zawadi yao, debe la asali ya msimu huu, limejaa mpaka mdomoni, na juu yake bado wamelifunika kwa sega zima. Kilemba. Bibi Anastazia alilishusha mbele ya ndege, akasimama kando. Nikajua Kapteni atafanya nini, na nikaona aibu mapema kwa niaba yake. Kweli, akatoa mizani. Akasema asali ni nzito kuliko maji. Kilo ishirini na tisa pamoja na debe lenyewe. Kijisanduku cha nyuma ya kiti kimeandikwa mwisho wake kilo thelathini, na mle ndani tayari kulikuwa na sanduku lake la nguo.

Nilitaka kusema tumpunguzie, tutoe kidogo, lakini Bibi alikuwa ananitazama.

Chrispin alisoma ile namba ya kijisanduku kwa muda. Kisha akaingiza mkono, akatoa sanduku lake la nguo, mashati yake yote ya pasi yamo ndani, akalileta mpaka mlangoni kwangu na kuliweka chini. Akalipokea debe kwa Bibi kwa mikono miwili, sega na vyote, akalifunga kwa kamba mara tatu, akavuta kamba kuhakikisha.

"Nguo nitazifuata Julai," akasema.

Aliruka mapema, kabla kabisa ya kufikia jiwe. Sanduku liko hapa chini ya meza yangu ninapoandika. Nimelipima kwa mizani aliyosahau. Kilo kumi na nane.